Mlango wa Jiko Uelekee Njiani

Enzi zetu jiko halikuchorwa. Baba aliita majirani, wakasimamisha nguzo nyuma ya nyumba, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi, na haukupita muda moshi ukawa unatoka. Kama kuna aliyekaa na kalamu akawaza mlango uelekee wapi, mimi sikumwona. Ndiyo maana nilipoanza kujenga jiko langu hapa Muleba nilishangaa kugundua kwamba sijui chochote kuhusu chumba nilichokulia.

Na jiko lenyewe halikuwa jambo dogo. Tangu baba afariki, mama anaishi peke yake kule Maruku, karibu na Bukoba, magoti yanamsumbua, na kila nikimwomba aje tukae wote anajibu vilevile: "Nitakuja nikishaliona jiko. Siwezi kuja kwako kuwa mgeni mpaka nife." Kwa hiyo jiko likinishinda, mama nimemkosa.

Binti yangu Koku, anayefanya kazi Dar es Salaam na kuamini kwamba kila kitu kimo kwenye simu, akanitumia ramani. Makabati mpaka darini, vigae vyeupe, kaunta inayozunguka kuta tatu, na katikati meza kubwa aliyoiita kisiwa. Kisiwa! Mimi kisiwa ninachokijua ni Musira, unakiona ukisimama ufukweni Bukoba. Nikamuuliza huko tutafikaje, akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akanieleza kwamba watu wa siku hizi wanapika wamesimama. Watu wa siku hizi, nijuavyo mimi, hawapiki. Wanachemsha tambi, na wanasimama kwa sababu zinaiva kabla hawajapata kiti. Lakini picha ilikuwa nzuri, nikakubali. Kisiwa tu ndicho nilichokikataa. Fundi Projestus akamwaga zege la kaunta.

Mama akaja kukagua, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akapapasa vigae, akafungua bomba, akafunga. Akasimama mbele ya kaunta, ikamfika kifuani.

"Nzuri," akasema. "Sasa mimi nakaa wapi?"

Nikamletea kiti kirefu. Akakitazama toka juu mpaka chini. "Nipande huko kama kuku anayekwenda kulala?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikunywa chai, akaaga, akapanda gari la kurudi Bukoba mchana uleule. Kesho yake kwenye simu akaniambia nisijisumbue, kwake panamtosha. Sitaki kudanganya, nililia.

Jumamosi nikaazima tepu ya fundi nikaenda Maruku kulipima jiko la zamani. Nilitaka kujua lina nini ambacho la kwangu halina. Niliinama mlangoni, harufu ya moshi ikanipokea, nikawa na miaka minane papo hapo. Mafiga ni yaleyale matatu. Juu yake ile dari ya fito tulipokaushia kuni, na msimu wake ulipofika, senene, wale panzi watamu, ambao nilikuwa nikiwadokoa mmoja mmoja mpaka mama akadhani kuna panya.

Nakumbuka tulivyokaa. Nyasi zimetandazwa chini, juu yake jani la mgomba, na sisi miguu tumeikunja upande mmoja: mama, dada zangu wawili na mimi, tunamenya ndizi. Mkungu mzima! Hebu wewe jaribu kumenya mkungu mzima umesimama. Ukikata ganda nene mama alikuuliza, "Unamenya au unachonga mwiko?" Utomvu ulitugandia vidoleni ukawa mweusi, mwalimu akatuchapa kwa uchafu, na kesho yake tukarudi shuleni weusi vilevile. Hapohapo ndipo tulipojua nani anamchumbia nani, na nani kahawa yake imeibwa ikiwa bado mtini. Mama alikuwa na neno lake: "Masikio yafanye kazi, mdomo upumzike." Halafu ndizi zinaingia chunguni na maharage, zinafunikwa kwa majani, na ule mvuke wa kwanza ukitoka, jamani, hata aliyenuna alisogea. Leo natumia sufuria ya bei mbaya na sijawahi kuupata mvuke ule.

Nikaanza kupima. Kutoka anapokaa mama mpaka kwenye mafiga, mkono mmoja. Mpaka kwenye mtungi wa maji, mkono mmoja. Kisu kimechomekwa ukutani usawa wa bega lake akiwa amekaa. Mwanamke huyu alipikia watu saba miaka yote ile bila kuinuka! Nikaandika kwenye daftari, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kuona aibu kwa kaunta yangu.

Jambo moja tu likanishinda. Mahali pake palikuwa kando ya mlango, penye upepo, mvua ikija inamlowesha. Kwa nini asikae ndani zaidi, penye joto? Tulipokuwa wadogo tuliamini anakaa pale atukamate tukichelewa kutoka mtoni. Nikamuuliza.

Akacheka. "Sasa niipe njia mgongo? Mgeni akitokeza kule kwenye migomba, mpaka afike hapa nimeshamenya ndizi zake. Asijue kwamba hakuwamo kwenye hesabu."

Miaka yote ile sikumbuki mgeni aliyeambiwa asubiri, wala aliyeuliza kama chakula kitatosha.

Niliporudi Muleba nikamwambia Projestus avunje upande mmoja wa kaunta. "Mama Koku, waitu," akanisihi, "zege hata halijakomaa!" Akavunja. Tukajenga kibaraza kifupi cha kukalia, kwa ajili ya yale magoti, na jiko la mkaa tukaliweka chini, mkono mmoja kutoka hapo. Halafu tukatoboa ukuta, mlango ukaelekea barabarani. Koku akapiga simu amehamaki: watu wataona masufuria! Nikamwambia wayaone, tumeyanunua.

Nikampigia mama, akaja na kisu chake kimefungwa kwenye kanga. Akakaa kibarazani, akanyoosha mkono, ukalifikia jiko la mkaa. Akavuta mkungu akaanza kumenya, nami nikageukia sinki asinione uso.

Baada ya muda nikaona ndizi zinazidi kuwa nyingi.

"Mama, tuko wawili tu."

"Najua."

"Kwani nani anakuja?"

"Sijui. Ndiyo maana namenya."

Enzi zetu mtu alikuja tu. Alipiga hodi, akapewa punje za kahawa za kutafuna, akakaa mpaka chakula kikaiva. Siku hizi mgeni anatuma ujumbe kwanza, unamjibu umebanwa, naye anashukuru kwa sababu hata yeye alikuwa amebanwa. Jirani yangu wa kushoto nina mwaka naye, namjua kwa mlio wa gari lake.

Majani yalipoanza kutoa mvuke, mama akainua macho kuangalia njia. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Lile bati kubwa pale mbele ni la nini?"

"Ni geti, mama."

"Basi kalifungue. Ndizi zimeiva."

Nikaenda kulifungua. Tangu nihamie sikuwahi kuliacha wazi mchana.