Kiti cha Shangazi Balqees

Miaka ya tisini, shangazi yangu Balqees alikuwa akipokea abiria wa helikopta za kukodi za kampuni moja ya Waingereza, pale uwanja wa ndege wa Seeb, Maskati. Rubani wao, Kapteni Norris, hawashi injini mpaka ajue uzito wa kila abiria. Tabu ni kuwa wakubwa wa Maskati hawakubali kupimwa, na ukiwauliza kilo zao watakutajia za ujanani.

"Nimwambie sheikh apande mizani kama gunia la mchele?" shangazi alimaka. "Mimi siye!"

Akenda madukani Hamriya, akanunua zulia na kiti cha fahari. Mizani ya mizigo akaifunika zulia, kiti akakiweka juu, mshale wa mizani ukawa nyuma ya pazia. Kila mgeni alikaribishwa hapo kwa kahawa na halwa. Akishakaa, shangazi huchungulia pazia, akatoa uzito wa kiti, akampelekea Kapteni hesabu. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Shangazi alipostaafu, mwaka 2003, Kapteni alimpa zawadi ya kurushwa juu ya milima pamoja na sisi, watoto wa kaka yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda.

"Kilo ngapi, Bi Balqees?"

"Sitini," akajibu, macho makavu. Sisi tukatazama chini.

Kapteni hakubisha. Alikwenda kwenye kile kiti, akakipangusa vumbi kwa mkono.

"Karibu ukae, Bi Balqees," akasema. "Kahawa kwanza."