Mpaka Ifike Mia

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Nyeri. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa kijiji cha Gakindu, simu sikioni, kidole kikiziba sikio la pili. Ndama wake alikuwa hoi nyumbani, na daktari aliyekuwa akimpima huko alisikika kwa kukatikakatika. Mwuzaji alitaka kujua uzito wa ndama ili apime dawa. Ikizidi ingemuua, ikipungua isingemsaidia.

"Nasikia tu 'ini'," mama alisema. "Ni thelathini ama sitini? Daktari, niambie ako na kilo ngapi, halafu uniambie zimebaki ngapi zifike mia."

Akasikiliza, akakunja uso. "Ati thelathini, na arobaini? Hiyo haifiki mia. Rudia!"

Akasikiliza tena. "Sitini, arobaini. Sasa imefika." Akamgeukia mwuzaji. "Pima ya sitini."

Nyuma yangu fundi wa minara ya simu, aliyevaa jaketi la kampuni, akacheka. "Mama, hiyo ndiyo kazi ya mitambo yetu. Kila ujumbe unabeba nambari za ziada za kukagua makosa."

Mama alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Na mbona ni mimi nimekagua?"

Fundi akaanza kushughulika na zipu ya jaketi.

Jana mwuzaji aliniambia kwamba ndama amepona, ananyonya tena. Mimi hujibu "sawa, sawa" kwenye simu hata nisiposikia kitu. Daktari angenipigia mimi, tungekuwa tumeshamzika huyo ndama.