Mshika Mnyororo wa Ligi ya Nyanda

Katika utu uzima wake wote Orrin Stavig hakuwahi kupiga kelele uwanjani, na watu wa Norgaard, mji mdogo wa chuo kule Dakota, Marekani, walimheshimu kwa hilo kuliko walivyowaheshimu makocha.

Alikuwa mshika mnyororo. Mpira wa huko Dakota ni ule wa kubebwa mkononi, wa kofia ngumu na kugongana vifua. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Yadi hizo hupimwa kwa mnyororo uliofungwa fimbo ndefu huku na huku, na wanaoushika ni watu wa mji mwenyeji, wakisimama upande wa wageni, katikati ya mahasimu, midomo imefungwa. Mshika mnyororo hana timu. Hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha, na baba huyo ndiye aliyeuunga mnyororo wenyewe, pete kwa pete, katika karakana yake, enzi ambazo Norgaard ilikuwa bado na mfua vyuma, na fundi viatu, na daktari anayelala mji huohuo. Siku hizi viatu vinaletwa na gari la vifurushi, na ukiumwa shingo unaendeshwa saa nzima kwenda kuonana na kijana anayetazama kompyuta badala ya shingo.

Orrin alilima mahindi na soya siku sita za wiki, isipokuwa Jumamosi za msimu, ambapo mashine ya kuvunia ilisimama shambani hata kama mawingu ya theluji yalikuwa yameshajipanga magharibi. Mkewe Lavonne alizoea. Mwaka ambao mwana wao Curtis alikuwa mchezaji wa chuo, alikimbia na mpira mpaka mwisho wa uwanja, akapita karibu na baba yake kiasi cha kumrushia nyasi. Uwanja mzima ulisimama. Orrin aling'oa fimbo, akaenda kuisimika mahali papya.

"Hata kutabasamu, baba?" Curtis alimuuliza mezani usiku ule.

"Nilikuwa kazini," Orrin akasema, akaomba apewe viazi.

Kijana alicheka, lakini Lavonne aliona kwamba hakufurahi. Leo Curtis anaishi Minneapolis na hupiga simu sikukuu.

Fimbo ya pili ilikuwa ya Duane Pudwill, kaka yake Lavonne, mtu wa maneno mengi ambaye kunyamaza kwa saa tatu kila Jumamosi kulimtesa kama kufunga. Na upande wa wageni, kila walipokuja watu wa Chuo cha Mtakatifu Ludmila, alikuwepo Merle Hruska, mtunza vifaa wao, Mcheki mnene mwenye masharubu. Chuo hicho na kile cha Norgaard vilichukiana tangu babu wa miji hiyo walipogombania njia ya reli. Kabla mechi haijaanza Merle alikuja na sanduku la mikate mitamu ya plamu aliyooka dada yake, akaiweka juu ya benchi karibu na washika mnyororo.

"Kuleni, Walutheri. Nyumbani najua mmepewa kahawa na huzuni."

"Afadhali huzuni," Duane alijibu, "kuliko kumsumbua mtakatifu wa watu kwa ajili ya yadi mbili."

"Mtakatifu wetu hana shida na yadi. Shida yake ni huyu shemeji yako. Ana jicho la mkaguzi wa maziwa."

Orrin alitafuna mkate wake. Huo ndio ulikuwa urafiki wao, na ulitosha.

Kisha wakubwa wakaamua kwamba Ligi ya Nyanda ife. Haikuwa imeugua. Ilikuwa na vyuo vinane, vyote vikifikika kwa gari kabla chai ya chupa haijapoa, na kila mji ulijua wimbo wa matusi wa mji mwingine. Lakini kulikuwa na ligi kubwa zaidi, zenye televisheni zaidi, na wakuu wa vyuo ni watu wasioweza kuona mlango mkubwa bila kutaka kuingia. Viwili vikaondoka kwenda kusini, kimoja kikafunga kabisa idara ya mpira, vilivyobaki vikatawanyika. Norgaard nao wakapata pa kwenda: msimu ujao wangepanda ndege kucheza na watu ambao hata jina la mji wao hawajui kulitamka.

Msimu wa mwisho, Norgaard na Mtakatifu Ludmila hawakufungwa na yeyote. Mechi ya mwisho ya ligi ingewakutanisha, nyumbani Norgaard, na mshindi angebaki na kombe daima. Lavonne alimwona mumewe, mtu asiye na mambo ya mapambo, akiusugua mnyororo kwa mafuta ghalani. Orrin hakutaka kingine. Alitaka aushike siku ile, aukunje, mambo yaishe.

Televisheni ikainunua mechi. Ikapelekwa jijini, kwenye uwanja wenye paa, kwa sababu watazamaji hawapendi kuona wachezaji wakitoa mvuke midomoni. Orrin alivaa koti la kanisani akaenda kumwona mkurugenzi wa michezo, Trent Ackley, kijana mwenye meno mazuri aliyekaa Norgaard kwa misimu miwili na bado aliendeshwa na ramani ya simu kufika posta.

"Nimekuja kuhusu mnyororo," Orrin akasema.

"Nilikuwa nataka kukupigia, Bwana Stavig! Uwanja ule una watu wake wa kupima. Mambo ya mkataba. Lakini sisi hatuwezi kukusahau. Uje nao. Utaushika uwanjani, mbele ya kila mtu. Nakuahidi."

"Nitaushika kwenye mechi?"

"Kwenye mechi yenyewe," Ackley akasema, akampa mkono.

Orrin alirudi nyumbani akila upepo kwa furaha, akamwambia Lavonne, "Nitaushika." Hakuuliza saa ngapi wala kwa ajili gani. Alikulia mahali ambapo mtu akikupa mkono, maswali yanakwisha. Watu wa namna hiyo ndio wanaoliwa siku hizi, na wanaowala husema ni kosa la wazee kutosoma masharti.

Jijini waliketishwa viti vya mbele, Orrin, Lavonne na Duane, shingoni wamevalishwa kadi. Nusu ya kwanza ilipigwa mnyororo ukiwa na fimbo zake katika mfuko mrefu wa turubai kati ya miguu ya Orrin. Kila refa alipoita wapimaji, Orrin aliinuka kidogo, kisha akakaa.

"Utavunja kiti, shemeji," Duane akasema.

Mapumziko yalipofika msichana mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni akaja kumchukua Orrin na mnyororo wake. Uwanjani Orrin alimkuta Merle amesimama peke yake juu ya nyasi za plastiki, bila sanduku, amevalishwa fulana mpya iliyombana tumbo.

"Wamekuambia nini?" Merle akauliza.

"Kwamba nitashika."

"Mimi wameniambia nishike upande wa pili. Udugu wa vyuo viwili." Merle alitazama kando. "Orrin, yule pale ana mkasi."

Kweli, alikuwepo mtu mwenye mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, umefungwa utepe wa rangi za vyuo vyote viwili. Sauti ya Ackley ikajaa uwanjani: pete za mnyororo wa kihistoria zingetiwa katika vijisanduku vya kioo, kwa wafadhili, kila mmoja na kipande chake cha Ligi ya Nyanda. Watu wakapiga makofi.

Orrin alikuwa ameshashika fimbo. Merle alikuwa ameshika ya pili. Kamera ilikuwa usoni.

"Ulegeze," Merle akanong'ona. "Ulegeze bwana, wasumbuke kidogo."

"Siwezi."

"Mbona huwezi?"

"Ukilegea si mnyororo tena," Orrin akasema, akauvuta mpaka ukanyooka kama uzi wa fundi, kwa sababu mikono yake haikujua namna nyingine ya kuushika. Mkasi ukauma katikati. Merle alijikwaa nyuma kwa kuachiwa ghafla, na watu wa jukwaani wakacheka, wakidhani ni mzaha uliopangwa. Msichana akazichukua fimbo. Orrin akarudi kitini mikono mitupu, na Lavonne akamshika kiwiko bila kumtazama.

Nusu ya pili Norgaard walikuwa nyuma kwa pointi chache, muda ukiyoyoma, jaribio la nne. Mchezaji wao akazama kwenye rundo la watu. Refa akaita wapimaji. Wakatoka vijana wawili wa kuajiriwa, wakikimbia na mnyororo mwepesi wa rangi ya machungwa, wakiongea njiani. Mmoja alisimika fimbo yake huku akipungia mkono kamera. Mnyororo ulibaki umebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Refa akainama, akainuka, akaonyesha mbele: yadi zimetimia. Mchezo uliofuata Norgaard wakafunga, na kombe likawa lao milele.

Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakirukaruka. Duane alikuwa amepanda juu ya kiti, machozi yanamtoka.

"Hazikutimia," Orrin akasema.

"Nini?"

"Hazikutimia, Duane. Mnyororo ulilegea, haukufika yadi kumi. Mpira ni wao."

Duane alishuka, akamwekea kiganja mdomoni, kwa upole, kama mtu anavyomnyamazisha mtoto kanisani.

"Nyamaza, shemeji. Tumeshinda."

Orrin aliuondoa mkono ule. Alivua kadi shingoni, akaitundika kwenye mgongo wa kiti, akavaa kofia yake na kushuka ngazi kwenda upande wa wageni, ambako Merle alikuwa anakusanya chupa za maji zilizoachwa chini. Orrin akainama, wakakusanya pamoja mpaka zikaisha.