Kijani cha Kule Chini

Kuna mchezo wa kompyuta wa zamani ambao nimeucheza tangu nikiwa chuoni. Wewe ni shujaa, unapewa upanga na kijiji cha kuokoa, unazunguka nchi nzima kwa miguu. Mchezo mtamu, lakini waliouchora walikuwa wachoyo wa rangi. Vilima vyote vinafanana na tambara la kupigia deki. Mwaka jana nilichoka navyo nikaamua kuipaka nchi ile rangi upya, peke yangu, katika chumba changu cha kupanga mjini Kericho.

Kazi yenyewe si uchawi. Ndani ya mchezo kila kilima kimevishwa kipicha cha udongo au nyasi. Ukibadilisha kipicha, kilima kinabadilika. Shida ni rangi. Kijani nilichochanganya mwenyewe kilifanana na sabuni ya kufulia. Mwishowe nikafungua picha niliyopiga nyumbani Roret wakati wa Krismasi, nikiwa tayari mlangoni naaga: shamba letu la majani chai likishuka hadi mtoni, na kule chini kabisa kijani kichanga, chenye manjano kidogo, kinang'aa. Nikachota rangi ile nikaivisha nchi nzima. Ilinichukua wiki sita, na sikumbuki kama niliongea na mtu siku hizo, isipokuwa wateja walioniletea kompyuta walizozimwagia chai.

Nikaiweka kazi mtandaoni. Watu watatu wa nchi za mbali wakaandika kwamba hawajawahi kuona kijani kizuri hivyo. Nilifurahi, nisidanganye. Lakini sifa za watu usiowajua hazishibishi. Niliyemtaka ni mama. Tangu baba afariki tulikuwa tukiongea kwa simu kuhusu mvua na afya, basi. Nilitaka atazame kazi yangu aseme, hapa ni kwetu.

Jumapili moja nikambebea laptop, nikamkuta ametoka kanisani. Alinitolea kikombe cha wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi tangu mazishi sijawahi kufikisha ya pili.

Mama alivaa miwani akamtazama shujaa wangu akipanda kilima.

"Hii ni kwetu," akasema.

Nusura nipige kigelegele.

"Ni ile chai ya kule chini. Haijachunwa, ndio maana inakaa hivyo. Imenishinda."

Nikamwambia hapana, Mama, hizi ni nyasi tu, ni mchezo. Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Nimekulia katika shamba lile. Nilichuna majani kabla ya kwenda shule, na najua kwamba chai iliyochunwa juzi huwa na kijani kizito, juu imenyooka kama meza, na iliyoachwa hurefuka, ikapauka, ikayumba kwa upepo. Picha ile nilikuwa nayo wiki sita mbele ya macho. Nilikuwa nimeona rangi, sikuona shamba. Nilishikwa na aibu hadi masikio yakawaka moto.

Alinieleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Mgongo umekataa. Anachuna upande wa barabarani tu, ili wanaopita waseme mambo kwake yako sawa. Kule chini alishuka mara ya mwisho mwaka ule wa mazishi, yeye na baba ndio waliokuwa wakipachuna.

"Si ungeniambia, Mama?"

Aliinua macho akaniangalia juu ya miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Na ungekuja?"

Nikafunga laptop. Mama akachukua kile kikombe cha wageni, chai yangu ikiwa bado nusu, akaenda kukiosha.