Tazama Kando Kidogo

Watu wa Sarang'ombe, mtaa nilikokulia, wakisikia kwamba nasoma nyota, huniuliza mvua itanyesha lini. Wengine hunyoosha kiganja niwasomee bahati. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nasema itanyesha wiki ijayo, na nikibahatisha wananisifu. Kazi yangu hasa ni kuchunguza galaksi, yaani makundi ya nyota yaliyo mbali kupindukia, na kupima jinsi yanavyozidi kutengana. Darubini yenyewe iko nchi nyingine. Mimi huletewa tarakimu tu kwenye kompyuta, nikiwa chumbani kwangu Kawangware huku maharagwe yakichemka.

Baba peke yake ndiye hakuniuliza habari za mvua. Alikuwa fundi wa nguo Soko la Toi, akipunguza viuno vya suruali za mitumba, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikafika ng'ambo. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. Alitaka kitu kimoja tu: aonyeshwe galaksi kwa macho yake mwenyewe, ajue ni nini kilichomnyang'anya binti miaka yote ile. Picha hazikumridhisha. Alisema picha hata za majini zipo.

Kisha akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Akipita Makina alikuwa akiwapiga watu kikumbo, nao wakanong'ona kwamba mzee ameanza kunywa chang'aa, yeye aliyeokoka kabla sijazaliwa. Kilichotuchanganya ni kwamba uzi bado aliutunga kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Daktari akatueleza kuwa ni presha ya macho, na kwamba ugonjwa huo hula pembeni kwanza, katikati hubaki mwisho. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, na dawa ingechelewesha tu kwisha kwa kile kilichosalia. Nililia ndani ya choo cha hospitali, halafu nikatoka nikamwambia tumepewa matone mazuri.

Kuanzia hapo nikawa na haraka ya kumwonyesha galaksi. Shida ilikuwa ile taa ndefu ya mtaa iitwayo mulika mwizi, iliyosimama juu ya mapaa na kuifuta mbingu yote kwa mwanga wake. Niliazima darubini ya mkononi chuoni ninakofundisha, nikawa naombea stima ipotee, mimi ambaye huwa wa kwanza kutukana ikipotea. Jioni moja ya Desemba ikapotea mtaa mzima. Nikamshika baba mkono tukaenda kando ya reli, mahali palipo wazi. Nilipata galaksi moja iliyo jirani na yetu upande wa kaskazini, kiwingu hafifu cha kijivu, nikamwekea darubini machoni na kumshikilia viwiko isitikisike.

"Siioni," alisema.

Jicho hunasa mwanga hafifu kwa pembeni vizuri kuliko kwa katikati, kwa hiyo nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu kila mwaka.

"Usiikodolee, baba. Tazama kando kidogo."

Maneno yalipokwisha kunitoka ndipo nilipoyasikia. Kando ndiko kulikokuwa kumeliwa. Aligeuza macho huku na huku kwa utiifu, akitafuta. Nikaviachia viwiko vyake, nikapita nyuma yake hadi upande wa pili, nikajifuta machozi kwa leso bila kutoa sauti.

Alikaa hivyo muda mrefu, darubini imemganda usoni.

"Nimeiona, mama," akasema hatimaye. "Inawaka sana. Nyeupe kabisa."

Galaksi ile haiwaki. Ni kama unga kidogo uliopeperukia kitambaa cheusi, na mwanafunzi akiniletea maelezo kama yale huwa namrudisha akatazame upya. Mimi hulipwa kwa kukataa mambo ambayo hayajathibitishwa. Nilimwambia ndiyo, baba, ndiyo hiyo hiyo, na wengi hawaioni vizuri namna hiyo.

"Sasa najua ulikuwa wapi," akasema.

Akashusha darubini anirudishie, akainyoosha polepole, kwa mikono miwili, upande ule ambao nilikuwa nimekwisha kuuacha. Nikazunguka upesi kwenda kuipokea huko huko.