Mshumaa wa Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini Wafula, mchimbaji wa siku nyingi, hakunipa sururu. Alinipa mshumaa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nimeshabeba zege, nimeshauza maji Mathare, na nilidhani kuchimba visima ni nguvu tu.

"Sikia, Maswali," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu sikuchoka kuuliza. "Uteremshe kwa kamba hadi chini. Ukizimika, huko hakuna hewa. Usishuke hata ukiona dhahabu."

Nyapara wetu wa kwanza alikuwa mkali wa kamba: kila anayeshuka afungwe kifuani. Wa pili, aliyetupeleka Njiru, alikuwa mkali wa saa. Kisima cha Njiru kilikuwa kimefika futi arobaini. Asubuhi mshumaa uliwaka vizuri, tukachimba, tukaenda kula githeri. Tuliporudi nikautafuta tena.

"Si mliuwasha asubuhi?" nyapara akauliza. "Hapa ni kisimani au kanisani?"

Tukacheka. Wafula akajifunga kamba kifuani, akashuka.

Hewa mbaya ilikuwa imejikusanya tukila. Nilimwita mara tatu, kimya. Tulimvuta kwa kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, akatoka midomo ya buluu, mwili kama gunia. Baada ya muda akafumbua macho.

"Maswali, unalilia nani?"

"Akiongea ameshapona," nyapara akasema. "Mpeni maziwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu sote. Akanywa pakiti nzima huku akitutania, na kesho yake akarudi kuchimba. Sikuuliza lolote. Mimi, Maswali!

Wiki ya tatu mkewe akanipigia simu. "Shemeji, njoo. Wafula anavaa shati miguuni."

Nilimkuta ameketi kitandani, anatabasamu. Hakunijua.

Hospitalini nilimng'ang'ania daktari. "Lakini hewa aliipata! Aliamka, akacheka!"

"Ubongo una seli zake za ulinzi," akanieleza. "Oksijeni ikikosekana zinashtuka, zinabadilika, zinamwaga kemikali za kuleta uvimbe. Hewa ikirudi, si lazima zitulie. Zinaweza kuendelea kimyakimya na kudhuru hata sehemu zilizonusurika."

"Kwa hivyo alipokuwa akinywa maziwa, mambo yalikuwa yameshaanza?"

"Huenda. Mngemleta siku ile, tungempa oksijeni na kumfuatilia."

Walinzi wa kichwa chake mwenyewe! Miaka yote ile nilikuwa nikiogopa shimo peke yake.

Sasa nimestaafu. Wafula anatembea, jina langu limemrudia, lakini fundo la kifuani alilonifundisha hawezi tena kulifunga. Analishika, anaduwaa, ananirudishia kamba.

Nyinyi mnaochimba leo, washeni mshumaa kila mnaporudi, hata kama mlitoka kunywa chai tu. Na mkimvuta mwenzenu akaamka, akawatania, msitafute maziwa. Mkimbizeni hospitali akiwa bado anacheka.