Vidonge vya Minza na Chai ya Maziwa

Ipo siku moja inayonirudia kila mvua za kwanza zinapoanza, mwanangu. Ni siku niliyosimama mbele ya benchi la wajawazito, pale zahanati, hapa hapa Bariadi, nikajisifu. Wanawake walicheka, na mimi nikadhani wananicheka kwa kunipenda.

Lakini kwanza umjue anayesema nawe. Mimi niliishia darasa la nne. Sioni haya kulisema, maana waliofika kidato cha nne wengi wamekaa kwenye nyumba zangu na wananiita mzee, ingawa mvi zangu bado ni za kuokoteza. Nilianza kwa kubeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, mpaka bega likawa gumu kama kwato. Serikali ilipoachia biashara, ikawa ruksa kila mwenye nguvu anunue na auze, mimi sikungoja kuelezwa mara mbili. Nikafungua duka. Wewe hujui tulikotoka. Tulikuwa tunapanga foleni ya kipande cha sabuni, na sukari uliionja ukialikwa harusini. Ghafla vitu vikajaa. Siku hizo tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, jina la Simiyu lilikuwa la mto tu, na mtaa mzima hakuna aliyenitangulia kuleta dawa za vitamini kutoka Mwanza. Chupa za maji mekundu ya kuongeza damu, vidonge vya kila rangi, makopo yenye picha ya mtoto mnene. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu walitoka hadi Kimali kwa baiskeli kufuata chupa zangu, nami niliwaelekeza namna ya kunywa kama daktari, wakati maandishi ya kwenye chupa sikuyajua hata moja.

Mke wangu alikuwa Minza, binti wa Mwamanyili, kule ziwani. Nilimwoa kwa ng'ombe waliolijaza zizi la baba yake. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na akipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani, akayaunga na karanga, harufu ilimvuta mpita njia. Kwao walikuwa wakimletea dagaa kwa gunia.

Alipopata mimba ya kwanza, nikaipiga nsansa marufuku. Dagaa vilevile, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, vilevile. Nilimwambia mke wa mtu kama mimi hali majani makavu kama mbuzi wa kiangazi, majirani watasema nimefilisika. Nikaleta mikate myeupe, na nikanunua chupa kubwa ya chai yenye maua. Chai ya maziwa asubuhi, mchana na jioni, imekolea majani hadi rangi ya matofali. Unaelewa, mwanangu, kwetu Wasukuma maziwa ndiyo heshima ya mwenye ng'ombe, na sukari ilikuwa heshima mpya ya mwenye duka. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Nilitaka mgeni akiingia wakati wowote aikute chupa ile mezani, ina moto.

Kliniki wakampa Minza vidonge vya kuongeza damu. Vilimchafua tumbo kidogo. Nikamwambia avinywe kwa chai yetu, maziwa yatapoza, maji matupu ni ya watu wasio na ng'ombe. Juu yake nikamwongezea vya dukani, vya mifupa, vyote kwa kikombe kimoja. Nilijiona mume bora kuliko wote wilayani.

Mwezi ukapita, na mwingine. Minza akawa anapumzika mara mbili akitoka kisimani. Nilimkuta nyuma ya nyumba akilamba udongo wa kichuguu, akauficha kwenye kanga kama mtoto aliyeiba sukari. Nikamcheka. Nikasema mimba ina mambo yake.

"Baba," aliniambia siku moja, maana ndivyo alivyoniita, "vidonge nameza vyote. Lakini moyo unanidunda kama nimekimbia, na mimi nimekaa."

Nikamwongezea kikombe.

Ndipo ikaja siku ile ya zahanati. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki yangu mpya, na kusema kweli nilitaka ionekane pikipiki kuliko mke. Pale kulikuwa na muuguzi mtu mzima tuliyemwita Mayu Wande. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mama huyo alikuwa amezalisha nusu ya mji. Akamshusha Minza kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama. Kisha akaniita nitazame na mimi.

"Unaona nini, ngosha?" akaniuliza, yaani mwanamume.

Nikasema naona jicho.

"Unaona pamba," akasema. "Daraja la kwanza, nyeupe kabisa. Vidonge nilivyompa anakunywa na nini?"

Hapo ndipo nilipojisifu. Nikasema kwa sauti benchi zima lisikie kwamba kwangu vidonge havishuki kwa maji kama kwa maskini, vinashuka kwa chai ya maziwa, mara tatu kwa siku. Wanawake wakacheka. Mayu Wande hakucheka.

"Chai hiyo unayoringia ndiyo inayomnyang'anya," akasema. "Kidonge cha damu ukikishusha kwa chai au maziwa, kinapita tumboni kama mgeni aliyenyimwa kiti. Mpe maji, na ndimu au chungwa. Na arudi kwenye nsansa na dagaa zake. Chai akae nayo mbali mpaka saa mbili zipite. Na hayo makopo yako uniletee niyaone."

Kama ningesema "Nimesikia, Mayu", leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini niliaibika. Mama mwenye viatu vya kandambili kunifundisha mimi, mwenye duka lenye dawa nyingi kuliko kabati lake! Nikamjibu kwamba dawa nilizouza mimi hajawahi kuzigawa maishani mwake. Nikamkamata Minza mkono, tukaondoka. Njiani nikamwambia hatarudi pale kudhalilishwa. Aliniegemea mgongoni njia nzima, nikadhani ni mapenzi, alikuwa amechoka.

Hakurudi, mwanangu. Nilimtibu mwenyewe kwa chupa zangu.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya mvua. Tukampeleka hospitali, akajifungua adhuhuri, mtoto wa kike. Mvua ilikuwa inanyesha, basi akaitwa Kabula. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ile chupa ya chai yenye maua, nimemletea mzazi. Nikaona wauguzi wanaanza kukimbia. Damu ilikuwa imemtoka, haikuwa nyingi kama unavyofikiri. Mayu Wande, ambaye alikuwa amekuja na mgonjwa wake, alitoka ndani akafuta mikono. Akasema bila ukali:

"Mwanamke mwingine angemwaga ile akabaki. Huyu hakuwa na ya kumwaga."

Kisha akaiona chupa mkononi mwangu. Akaichukua polepole, akaiweka chini kando ya mlango.

Watu walioniuliza kifo cha Minza niliwaambia gari lilikwama kwenye tope, tukachelewa kufika hospitali. Kabula naye nikamlea kwa uongo huo. Nilimsomesha, akaolewa Malampaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu niliyaficha na kifo kikamchukua mwingine.

Mwaka huu Kabula akaja kunisalimu, ana mimba ya kwanza. Asubuhi akafungua mfuko wake, akapanga mezani vidonge vya kliniki na makopo mawili aliyouziwa stendi. Akajimiminia chai ya maziwa. Akaweka vidonge vyote kiganjani. Nilijikuta nimemshika mkono, vikamwagika.

Nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakukuwa na tope," akasema.

"Hakukuwa na tope."

Akaviokota vidonge kimoja kimoja. Akaenda mtungini, akameza cha damu kwa maji, akarudi jikoni akakata ndimu. Chai ikapoa mezani hadi ikajifunika utando. Siku mbili zilizobaki alinipikia, alinifulia, hakunisemesha. Amesharudi kwake. Bado nangoja salamu.

Basi sikiliza, mwanangu, kwa kuwa mimi sikusikiliza. Vitamini na dawa za lishe si uongo, zinasaidia, lakini hazifanyi kazi peke yake na hazipendi kuchanganywa ovyo. Cha kuongeza damu, maji na tunda chachu. Chai, maziwa na vidonge vya mifupa vingoje saa zao. Usizidishe eti upone haraka, wala usiache eti kinyesi kimekuwa cheusi, kaulize kwanza. Kopo lolote la dukani au la stendi, lipeleke kwa muuguzi alisome kabla hujalimeza, hata kama muuzaji ni mimi. Kidonge hakikutumwa kuja kufukuza chakula: mboga za majani, dagaa, kunde, maharage na karanga viwepo chunguni. Na mwili ukikuambia umechoka, usiuongezee kikombe, upeleke ukapimwe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu ni zima. Nilivunja la mwenzangu.

Mungu aijaze damu mishipa yako, mwanangu, na ya yule utakayempenda. Akupe sikio la kusikia ukiwa mbele za watu, wakati kiburi kinaposema sana. Na mvua ikinyesha siku ya kuzaa kwenu, ikukute unacheka.